Nilipokuwa Mke wa Muuza Nyumba

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya Bodi ya Mashamba mjini Thika, sina buibui, nimefunga kitambaa cha kichwa cha kuazima na kuvaa sweta ya manjano isiyo yangu, na mzee mmoja wa bodi akiniuliza mimi ni nani wa huyu Gachau. Nasikia wengine wenu mmemwandikia mhariri mkisema mnaniombea nisijibu. Poleni. Nilijibu.

Kwa anayeanza leo, jina langu ni Khamisa. Nilizaliwa Majengo, Thika. Mama yangu alikuwa wa Gatundu, akasilimu alipoolewa na baba, ndiyo maana Kikuyu nakizungumza bila kukwama. Mume wangu Mahir ni fundi cherehani. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja huko huko Majengo na binti yetu Leila, na mwenye chumba alitupa notisi kwa sababu alitaka kubomoa ajenge ghorofa. Ajenti mmoja wa nyumba aitwaye Ephantus akatutafutia nyumba ya vyumba vitatu huko Kimbo, Ruiru, mali ya mzee Gachau. Tukampa Gachau kila kitu tulichokuwa nacho. Kilichobaki ni idhini ya bodi, na bodi haimruhusu mwanamume kuuza mpaka mke wake asimame aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali.

Mke wa Gachau, tuliambiwa, alikuwa mgonjwa wa kutoinuka kitandani. Bodi hukaa mara moja kwa mwezi. Mkataba wetu ulikuwa umebakiza siku tisa miezi sita itimie, na ikitimia bila idhini, mkataba umekufa. Basi Ephantus akaniomba nisimame mimi. Si kama Wanja, yule mke mwenyewe, kwa sababu wanabodi walimjua kutoka kanisani. Nisimame kama mke wa pili, yule mdogo anayekaa Kimbo kwenye nyumba yenyewe, ambaye ndiye wa kuulizwa. Jina akanipa Wakonyo.

"Ni maneno ya dakika mbili, Mama Leila," aliniambia. "Ukishuka hizo ngazi, wewe ni Khamisa tena."

Huyo ndiye Ephantus. Kalamu tatu mfukoni mwa koti, sauti ya chini kama ya daktari, na kila jambo kwake ni la dakika mbili.

Basi mzee akaniuliza, nami nikasema kwa Kikuyu safi kwamba mimi ni mke wake.

Mahir alikuwa kwenye benchi la wanunuzi, hatua tatu kutoka nilipo, akitazama viatu vyake. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa, na asubuhi hiyo nilikuwa namuuzia mume wangu nyumba nikiwa mke wa mtu mwingine. Mkiniuliza kama nilitaka kucheka au kulia, nitawaambia nilitaka kwenda chooni.

Maswali ya kwanza tulikuwa tumeyafanyia mazoezi. Mwaka wa kuoana, nikasema. Tukiuza nitaishi wapi, nikasema mzee ana shamba Gatundu. Yule aliyekuwa akiuliza, mzee Tobias, alikuwa na uso wa upole na kofia ameipakata magotini. Sijui nini kilimtuma aendelee. Akaniuliza kama nimejaliwa watoto.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikasema ninaye mmoja, msichana. Hapo ndipo ningefunga mdomo wangu, lakini mzee akataka kujua anaitwa nani.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na mama huyo huhesabiwa amezaliwa upya. Mama yangu alinifundisha hilo nikiwa mdogo. Jina la mama yake Gachau silijui, sijawahi kulisikia. Nikitaja jina lolote kutoka kichwani, wazee watashtuka. Basi nikajifanya mjanja kuliko bodi nzima.

"Ameitwa mama ya mzee," nikasema.

Mzee Tobias akaweka kalamu chini. Uso wake wote ukafunguka, akamgeukia Gachau. "Kumbe Gathoni amezaliwa," akasema. "Na hukutuambia."

Gachau aliinamisha kichwa chake. Mimi nilidhani ni aibu ya uongo wetu, nikamwonea huruma kidogo. Muhuri ukapigwa. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya vyoo vya ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, nikavua sweta ya watu na kuvaa buibui langu, nikasema alhamdulillahi yameisha.

Yalikuwa hata hayajaanza.

*

Gachau hakuwa mtu mbaya, na sitamsema vibaya kwa kuwa hayupo. Alitupa funguo siku iyo hiyo. Alisema wakili anangoja karatasi moja kutoka ofisi ya ardhi, ikitoka ataweka sahihi ya mwisho, na hati ya nyumba itakuwa na jina la Mahir. Ni wiki tatu tu, alisema. Wapangaji wake walikuwa wameshahama. Jumamosi tukahamia Kimbo.

Niwaambie kuhusu hizo wiki tatu, maana ndizo pekee nilizo nazo. Leila alikuwa na miaka saba na hajawahi kulala chumba chake mwenyewe. Siku ya kwanza alitufungia nje ya mlango wake, akatutaka tubishe hodi mmoja mmoja, tukaribishwe, tuketi sakafuni, tuulizwe habari za safari. Akicheka, Leila huingia kishimo kimoja tu, shavu la kushoto. La kulia hakuna kitu. Ni muhuri wa baba yake ule, Mahir naye ni vivyo hivyo, na mama mkwe wangu alikuwa akisema hata angempoteza mtoto huyu sokoni angerudishiwa kwa hilo shavu.

Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka. Mahir, ambaye anaweza kukushonea kanzu akiwa amefumba macho, hakujua hata lifungwe upande gani. Aliazima spana kwa jirani, akaishika kama mkasi, akaishia kuweka sufuria chini. Tukalala tukisikiliza maji yetu yakidondoka kwenye sufuria yetu, ndani ya nyumba yetu.

Wiki ya pili Majengo walibomoa. Mahir alipita kuona, akarudi na kufuli letu la zamani mfukoni. Aliliweka juu ya kabati na likakaa pale.

Wiki ya tatu, Jumatano, zikiwa zimebaki siku tano sahihi iwekwe, Gachau alienda kunyolewa. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa. Mzee akasema anasikia joto, akaomba maji, akainamia mbele. Kinyozi alifikiri amesinzia, akaendelea kumnyoa.

Habari hizo alituletea Ephantus saa nne asubuhi siku ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza kuona koti lake halina kalamu.

Mimi nililia. Nilimlilia mzee kwanza, wallahi, kabla sijakumbuka nyumba. Kisha nikaikumbuka nyumba. Nikamuuliza Ephantus itakuwaje.

Akaanza kutueleza kwa ile sauti ya daktari. Bila sahihi, nyumba bado ni ya marehemu. Mkataba wetu umesimama juu ya idhini ya bodi, na idhini imesimama juu ya mke aitwaye Wakonyo. Asipokuwepo Wakonyo, hakuna idhini. Pasipokuwa na idhini, sisi ni watu tulioingia kwenye nyumba ya mtu. Na yule aliyesimama mbele ya wazee wa serikali akadanganya, mwenyewe anajua anapopelekwa.

"Kwa hivyo tufanye nini?" Mahir akauliza.

"Tulieni. Msiseme kitu. Hii maneno mkiikoroga, imemwagika."

Nikamuuliza kuhusu Wanja. Nilisema yule mama mgonjwa akipata nafuu, si tutamwendea kwa unyenyekevu tumweleze, naye aridhie. Ephantus akatazama sufuria pale chini ya bomba.

"Wanja hakuwa mgonjwa, Mama Leila. Alikataa tu."

Mahir aliinuka. Sijawahi kumwona mume wangu akimgusa mtu kwa hasira, na siku hiyo pia hakumgusa. Alifungua mlango akaushikilia. Ephantus akachukua kofia yake akatoka, na kutoka siku hiyo ofisi yake ya Thika ina kufuli, nanyi mkimwona mahali mnisalimie.

*

Jumamosi nilienda dukani kununua unga. Mwenye duka, Mbuvi, hufungua redio asubuhi mpaka jioni, na wakati wa matangazo ya vifo kwa Kikuyu hupandisha sauti, ingawa yeye ni Mkamba na anaelewa nusu tu. Nilikuwa nangoja chenji.

Redio ikatangaza kifo cha mzee Gachau wa Gatundu, mtoto wa pekee wa Gathoni. Mume wa Wanja, ikasema, na Wakonyo wa Kimbo. Ikataja wavulana watano mmoja baada ya mwingine. Kisha ikasema, na baba ya Gathoni mdogo. Mazishi Alhamisi.

Nilishika ukingo wa kaunta.

Kulikuwa na wanawake wawili wakinunua mafuta ya taa, nao wakaanza kuulizana huyo Wakonyo wa Kimbo ni nani. Mbuvi akasema hapa Kimbo anawajua wote, wanaolipa na wasiolipa, na hajawahi kukopesha Wakonyo. Akanigeukia.

"Mama Leila, wewe unamjua?"

Nikasema hapana. Nilijikana dukani kwa Mbuvi, nikachukua unga, nikasahau chenji.

Njiani ndipo nilipoelewa yote. Mtoto wa pekee. Wavulana watano. Mzee Tobias hakunyamaza na lile jambo, kwa nini anyamaze? Mauzo ni siri ya bodi, lakini mtoto ni jambo jema. Alikuwa amekwenda Gatundu akamwambia mama yake Gachau, bikizee wa watu, kwamba baada ya miaka yote, baada ya wajukuu watano wote wa kiume, hatimaye amezaliwa, kuna msichana mahali fulani Ruiru anayeitwa kwa jina lake. Na Gachau, alipoulizwa na mama yake, alishindwa kukana. Ningekuwa mimi ningeshindwa vilevile. Ndiyo maana aliinamisha kichwa siku ile. Alikuwa ameshaliona lijalo.

Mahir alikuwa amesikia redio kwa fundi mwenzake. Nilimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni. Nikasubiri aseme tufunge vitu vyetu. Nawaambia ukweli, nilisimama pale mlangoni nikimtazama, nikingoja akatae. Nilitaka aseme mke wangu hatakwenda kumlilia mume mwingine mbele ya watu. Nilikuwa tayari kulala popote, hata chini ya meza yake ya cherehani, mradi aseme hivyo.

"Nilipita Majengo leo," akasema. "Pale kilipokuwa kitanda chetu kuna shimo la msingi."

Akafungua kamba za kiatu kimoja.

"Ni siku moja tu, Khamisa. Utatupa udongo, utarudi nyumbani."

Tangu Leila azaliwe alikuwa hajaniita kwa jina langu. Nikajua hapo kwamba mume wangu amechoka, na kwamba hakuna mtu mwingine nyuma yake wa kukataa kwa ajili yangu.

*

Jumatatu alasiri, gari aina ya pikapu lilisimama nje ya lango. Dereva, jirani yao wa Gatundu, alibaki ndani ya gari. Mwanamke mnene wa makamo, mwenye kitambaa cheusi, alimshusha bikizee mmoja mdogo kama mtoto, akamshika mkono akamwongoza polepole. Macho ya bikizee yalikuwa meupe yote mawili.

Nilikuwa na dakika moja. Nilivua ushungi wangu nikaufunga kisogoni kama kitambaa cha kawaida. Mahir alikuwa jikoni, na jikoni kwetu huonekana kutoka sebuleni, hakuna mlango wala pazia.

Mwanamke akasema yeye ni Wanja, na huyu ni mama yao. Nikawakaribisha, nikawaketisha. Wanja akatazama jikoni, akauliza yule ni nani.

Jibu alilitoa Mahir mwenyewe.

"Mimi ni fundi," akasema. "Nimekuja kutengeneza bomba."

Akapiga magoti, akaokota ile spana ya jirani, akaishika kama mkasi. Mume wangu, ndani ya nyumba aliyoinunua kwa jasho lake, akatugeuzia mgongo na kuanza kukaza kitu kisichokazwa.

Wanja hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, nilikuwa hata na majibu. Yeye aliketi mikono juu ya mkoba, akaongea kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima.

"Nyina wa Gathoni," akaniita, yaani mama ya Gathoni, kwa heshima zote. "Sikuja kupigana. Mimi nilijua tu kuko na mtu. Mwanaume hawezi kuwa anachelewa Ruiru miaka yote ati anaangalia nyumba."

Nikasema asante. Hebu fikirieni, hilo ndilo neno nililolipata.

Aliendelea kunieleza kwamba usiku wa kwanza wa msiba alinichukia, wa pili akachoka, na wa tatu akaona mama anafuta machozi huku anauliza lini ataletewa mtoto wake. Akaona chuki yake haina pa kukaa. Mzee amekwenda, wao wamebaki, na mtoto hana kosa.

"Kama wewe ni bibi ya mzee, hii nyumba ni yako. Mimi niko na shamba, na wanangu wako na shamba. Nitasema hivyo mbele ya watu wote siku ya Alhamisi," akasema. Kisha akanitazama machoni. "Lakini kuko na ajenti aliniletea karatasi ya kuuza hii nyumba, nikakataa. Nikisikia kuko mtu aliuziwa, huyo nitamtoa. Hata kama ni kwa korti, hata kama nitauza ng'ombe zote. Nyumba ya watoto wangu haiuzwi na ajenti."

Kule jikoni spana ilinyamaza, kisha ikaendelea.

Basi mimi nikawa nimekaa katikati. Nikiwa mwongo, nyumba ni yangu, na ninapewa kwa moyo mweupe, na mwanamke niliyemdhulumu. Nikisema ukweli, mume wangu ndiye huyo mtu wa kutolewa, na mimi ni wa kufungwa. Na bikizee je? Alikuwa ameketi kimya, amenielekezea sikio, akitabasamu kwa kila neno nililosema. Nilitafuta upande wa kukimbilia na sikuuona. Mpaka leo nikikaa peke yangu huwa nautafuta.

Nikasema mimi ni bibi ya mzee.

Wanja akaitikia kwa kichwa. Akasema basi Alhamisi nitakaa karibu naye, na mtoto atakaa karibu na shosho yake, yule bikizee. Akauliza mtoto yuko wapi.

Nilitaka kusema amesafiri. Lakini saa tisa na nusu ilikuwa imefika, na kupitia dirishani nikaona sare ya shule ya Leila ikija kwa mbio kando ya ua, begi linampiga mgongoni. Leila akiingia huwa haanzi na salamu. Huanza kumwita baba yake kuanzia langoni.

Mahir alimwona kabla yangu. Alisema anakwenda kufunga maji kule nje, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikawa namwitikia Wanja bila kusikia anachosema, macho yangu dirishani. Nikamwona mume wangu akimwahi mtoto langoni, akachuchumaa, akamshika mabega yote mawili. Aliongea sikioni mwake. Leila akamtazama kwa mshangao. Aliongea tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha alimfuta vumbi usoni kwa kiganja, akamgeuza, akamsukuma kidogo kuelekea mlangoni.

Yeye alirudi kwa mlango wa nyuma, akapiga magoti penye bomba.

Leila akaingia. Alitusalimu wote kwa adabu. Bikizee alipoisikia sauti, alinyoosha mikono yote miwili hewani.

"Njoo, mama," akasema. "Wewe ni nani?"

Mtoto wangu hakunitazama mimi. Alimtazama fundi wa bomba. Nami nikaomba, Mungu nisamehe, sijui niliomba nini, niliomba pande zote mbili.

"Naitwa Gathoni," akasema.

Ni mtoto aliyechapwa madrasa mara moja tu maishani, kwa kusema uongo wa penseli, akalia wiki nzima. Leo aliusema huu bila kukwama, kwa sababu baba yake alimwomba.

Bikizee akamvuta. Alimpapasa paji la uso, pua, masikio, akashuka kwenye mabega, akahesabu vidole vya mikono kimoja kimoja. Akasema, nimezaliwa mrefu. Akacheka, akalia, akacheka tena. Alisema alikuwa ameshakata tamaa, kwamba angekufa na jina lake lizikwe naye. Wanja alikuwa akijifuta macho. Hata mimi nilikuwa nalia, na mtu angeingia wakati huo angesema hawa ni watu wamoja.

Kisha bikizee akasema, bila kumwuliza yeyote, "Huyu ataenda na mimi."

Wanja akanieleza kwa upole kwamba ni siku tatu tu. Mama hajala tangu mwanawe afe. Mtoto akilala naye mpaka Alhamisi, huenda akala. Tena ni vizuri watu wa Gatundu wamzoee kabla ya siku yenyewe. Niliposema hana nguo, akasema watampa. Niliposema shule, akasema mtoto aliyefiwa na baba haendi shule.

Ningejibu nini? Baba yake alikuwa hatua nne kutoka hapo, ameshika spana.

Nikamtazama. Kama kulikuwa na wakati wa kuitupa ile spana, ulikuwa huo. Nilimwomba kwa macho yangu yote. Mahir akainama zaidi, akaanza kukaza upande ule ule aliokuwa amekaza.

Tulitoka hadi mlangoni. Bikizee hakuuachia mkono wa mtoto. Leila alikuwa ameanza kuona kwamba mchezo huu una gari, na midomo yake ilikuwa inacheza. Pale mlangoni akageuka nyuma.

"Kwaheri, fundi," akasema.

Mahir aliinua kichwa. Akamtolea tabasamu, lile la kumwambia usiogope, niko hapa. Mtoto naye, kwa vile amezoea kulijibu, akalijibu. Kishimo kimoja kule, kimoja huku. Mashavu mawili ya kushoto.

Nilimwona Wanja akimtazama mmoja, kisha mwingine. Alitazama polepole, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili penye mwanga.

Alimsindikiza mama yake hadi garini, akampandisha mtoto, akafunga mlango wa gari mwenyewe na kuujaribu kama umeshika. Kisha akarudi, peke yake, mpaka langoni, nilipokuwa nimewafuata. Alinitengeneza kitambaa changu kisogoni, kama anavyofanya mtu kwa mke mwenza.

"Nyina wa Gathoni," akasema chini chini, "mama yangu haoni. Mimi naona."

Akaikaza ncha ya kitambaa.

"Alhamisi uje. Na huyo fundi wako uje naye. Huyo mtoto nitamshika mimi mpaka hapo."

Akapanda. Gari likageuka kwenye changarawe, na kwenye dirisha la nyuma nikaona mkono wa Leila ukipunga, si kwangu, ukipunga kwenye mlango wa nyumba. Nilipogeuka, Mahir alikuwa amesimama pale na spana mkononi, na nyuma yake bomba lilikuwa limefunguka kabisa, maji yanajaa sakafuni.